Mpanda Baiskeli na Koti Lake la Mvua



Kijana mmoja katika waliokuwa wanafunzi wetu, ambaye sasa ni mtu wa kazi na huenda kazini kila siku kwa baiskeli kutoka Kihonda mpaka mjini, alitujia mwanzo wa masika. Alituamkia, kisha akasema: “Maalim, nataka kununua koti la mvua. Ninunue lipi?” Tulitaka kumjibu kwa neno moja. Tulipofikiri tuliona kwamba neno hilo moja hatunalo, na kwamba sisi wenyewe, pamoja na miaka yote tuliyopanda baiskeli katika mji huu, tulijifunza jambo hili kwa kurowa. Basi tumeona yafaa tuliandike, ili alijuaye alikumbuke, na asiyelijua alijue kabla halijamfika.

Wazee wamesema dalili ya mvua ni mawingu, na sisi watu wa Morogoro mawingu hayo twayaona juu ya milima ya Uluguru karibu kila tunapoinua macho. Upepo utokao Bahari ya Hindi huja na unyevu mwingi. Ukifika milimani hauna budi kupanda, na kila upandapo hupoa, na ule unyevu uliokuwa hauonekani hugeuka ukungu, mawingu na mvua. Ndiyo sababu upande wa mashariki, kwenye Kinole na Matombo, hunyesha zaidi kuliko upande wa magharibi. Masika yetu huanza Machi hata Mei, na vuli ni Oktoba hata Desemba. Lakini huko juu mvua haitazami kalenda. Tunamwomba msomaji aushike moyoni mfano huu wa unyevu unaopoa ukawa maji, kwani tutaurejea.

Masika moja tulikwenda Mkuyuni kwa baiskeli kumzuru jamaa yetu mgonjwa. Tulikuwa tumenunua koti jipya la plastiki, refu, jeusi, na muuzaji alituapia kwamba tone la maji halipenyi. Wakati wa kurudi, baada ya alasiri, mvua ilitukuta katika vilima. Haikupita nusu saa, kanzu yetu ilikuwa imerowa chapachapa kifuani na mgongoni. Tulidhani koti limetoboka. Nyumbani tuliligeuza tukalitazama kwenye nuru ya dirisha, wala hatukuona tundu hata moja. Maji mengine yalikuwa yameingia kwa mishono ya mabegani. Na mengine, tena mengi, yalikuwa ni jasho letu wenyewe.

Lakini hayo tuliyajua baadaye. Njiani, tulipoanza kuteremka, upepo ulitupiga katika nguo zile mbichi, mikono ikafa ganzi, na vidole vikawa vizito kubana breki. Katika kona moja lori lilitupita karibu mno hata tukaingia mtaroni. Dereva, Mungu amlipe kheri, alisimama mbele akashuka akaja mbio. “Shikamoo, mzee. Nisamehe,” alisema. “Wallahi sikukuona. Niliona kitu cheusi, nikadhani ni kivuli cha mti.” Hatukuwa na la kumlaumu. Sisi ndio tuliovaa rangi ya lami siku ya giza.

Koti lile lilitufunza kuuliza mambo matatu: maji huingia wapi, jasho hutoka wapi, na mtu huonekanaje.

Ama jambo la kwanza, tangu zamani watu wamejikinga na mvua kwa mafuta, kwa nta na kwa majani. Hata leo mtoto akikutwa na mvua shambani hukata jani la mgomba akajifunika. Mwaka 1823 Charles Macintosh wa Uskoti alipata hati ya serikali kwa kitambaa alichokitengeneza kwa kulaza mpira kati ya nguo mbili. Nguo hiyo ilizuia maji kweli, lakini ilinuka, nayo ilinata wakati wa joto na kukakamaa wakati wa baridi. Mwaka 1844 Charles Goodyear wa Marekani alipata hati yake ya kupika mpira pamoja na salfa, na kwa njia hiyo kunata na kukakamaa kukapungua sana. Liliobaki ni tundu la sindano. Kwani kila mshonaji apitishapo uzi, hufungua njia ya maji.

Kwa hiyo anayenunua koti asianze kutazama kitambaa. Aanze na mshono. Aligeuze koti ndani nje. Koti la mvua lililotengenezwa sawasawa lina utepe mwembamba uliogandishwa juu ya kila mshono, hasa mabegani na kwenye kofia. Kama utepe haupo, hilo ni koti la manyunyu, hata muuzaji akiapa mara saba. Kisha aitazame zipu: iwe na ukingo wa kitambaa unaozuia maji yanayosukumwa na upepo wa mbele, kwa kuwa mpanda baiskeli huifuata mvua kwa kifua.

Makoti mengine huwa na tarakimu kwenye kibandiko, kama 10,000 au 20,000. Tarakimu ya kwanza ni milimita, nayo ni kimo cha maji ambacho kitambaa kilistahimili kilipopimwa kabla maji hayajapenya. Basi 10,000 ni kana kwamba bomba lenye maji ya kimo cha mita 10 limesimamishwa juu ya kitambaa hicho. Na kwa mpanda baiskeli hiyo aghlabu yatosha. Tarakimu ya pili, ikiwapo, ni gramu za mvuke zinazoweza kupita katika mita moja ya mraba kwa saa 24. Lakini vipimo hivi hufanywa kwa njia mbalimbali, hivyo tarakimu za watengenezaji wawili tofauti si mizani moja. Na pale ambapo kibandiko kimefutika, weka kitambaa juu ya bakuli, kibonyeze kifanye shimo, ukimimine maji ya gilasi moja ukingoje robo saa. Halafu pitisha kidole chini yake. Kidole hakisemi uongo.

Jambo la pili ni jasho, na hili kwetu ndilo gumu zaidi. Msomaji na aurejee ule mfano wa mlima. Mwili wa mwenye kukanyaga pedali hutoa mvuke wa joto. Mvuke huo ukigusa koti lililopozwa na mvua, hupoa ukawa maji, kama vile upepo wa bahari ufanyavyo kwenye vilele vya Uluguru. Mtu huvaa mlima wake mwenyewe, na mvua ikamnyeshea kwa ndani.

Wataalamu wameutafutia ugonjwa huu dawa. Mwaka 1969 Robert Gore wa Marekani aligundua namna ya kuinyoosha plastiki ya aina moja ikawa utando wenye vitundu vidogo mno kiasi kwamba tone la maji haliwezi kupita, lakini mvuke hupita. Utando wa namna hiyo ukishikizwa ndani ya kitambaa hufanya koti ambalo huzuia maji na hupumua. Ni uvumbuzi wa maana sana. Hata hivyo yatupasa tuseme kweli: mvuke hutoka upesi pale ambapo hewa ya nje ni kavu kuliko ya ndani. Katika nchi za baridi tofauti hiyo huwa kubwa. Morogoro katika mwezi wa Aprili hewa ya nje imejaa joto na unyevu, na mvuke hauna haraka ya kutoka. Zaidi ya hayo, kitambaa cha juu kikisharowa na kushika maji, njia ya mvuke hudhoofika.

Kwa hiyo sisi hapa hatumshauri mtu atoe mali nyingi kwa ajili ya utando peke yake. Atazame madirisha ya koti: zipu za makwapani, au upenyo mgongoni uliofunikwa na pindo, na zipu ya mbele inayofunguka kutoka juu na kutoka chini. Dirisha lililo wazi hutoa jasho zaidi kuliko kitambaa cha ajabu kilichofungwa. Na koti liwe jepesi, la kukunjika likakaa mfukoni au kwenye keria. Maana lililo zito huachwa nyumbani, na lililoachwa nyumbani halimkingi mtu na mvua.

Aendaye milimani, kama wale wapandao kuelekea Mgeta, ana hesabu nyingine. Joto hupungua kiasi cha nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Wakati wa kupanda mwili huwaka, na kama mvua ni ndogo ni bora koti lifunguliwe au livuliwe. Kileleni, kabla ya kuteremka, ndipo livaliwe na kufungwa mpaka kooni, kwa kuwa katika mteremko miguu haifanyi kazi na upepo hunyang'anya joto. Kosa letu siku ile ya Mkuyuni lilikuwa hili: tulijifunga wakati wa kupanda, tukateremka tukiwa tumekwisha kurowa.

Jambo la tatu ni mkato na kuonekana. Mpanda baiskeli huinama na kunyoosha mikono. Koti linalomkaa vizuri akiwa amesimama dukani, juu ya baiskeli hupanda mgongoni na mikono yake hukimbilia viwikoni. Basi na ainame mbele ya muuzaji, asione haya, anyooshe mikono kana kwamba ameshika usukani. Koti liwe refu nyuma na fupi mbele, lisibane kifua wala lisipepee. Kofia ya koti igeuke pamoja na kichwa; isiyogeuka humfanya mtu atazame nyuma akaona kitambaa badala ya gari.

Joho la mvua, lile pana lisilo na mikono, huingiza hewa vizuri na lafaa kwa mwendo wa polepole mtaani. Katika barabara kuu ya Dar es Salaam au ya Iringa hatulipendi, kwani upepo wa malori hulishika kama tanga, na pindo lake laweza kuingia katika spoku. Hatari hiyo hiyo imo katika nguo zetu. Mwenye kanzu aikunje aifunge kiunoni na avae suruali ya mvua; na binti mwenye buibui ahakikishe kwamba pindo liko mbali na gurudumu, na kwamba mnyororo una kifuniko chake.

Ama rangi, iwe manjano inayong'aa au chungwa. Lakini rangi hizo hung'aa kwa nuru ya mchana. Usiku hazina faida kubwa. Usiku hufaa ule utepe wa rangi ya fedha unaorudisha mwanga wa taa za gari, nao uwe mgongoni na mikononi. Na kabla ya kuondoka, mtu atazame kama pindo la koti halikuifunika taa yake nyekundu ya nyuma.

Wengi wetu hununua mitumba, nasi hatuoni aibu kusema kwamba koti tulilo nalo sasa tulilipata huko. Katika mitumba, tazama ndani. Utando ukiwa unabanduka kama magamba ya samaki, au unanata ukiushika, liache hata kama bei ni ya kutupwa. Joto na unyevu vimekwisha kuuoza, na hakuna fundi wa kuurudisha. Kwa sababu hiyo hiyo usilikunje koti likiwa bichi. Litundike kivulini lipate upepo, lifue kwa sabuni laini, na usitie dawa za kulainisha nguo. Yafaa pia kujua kwamba dawa nyingi za zamani za kufukuza maji kwenye vitambaa zilikuwa na kemikali za florini, ambazo hukaa miaka mingi katika maji na udongo bila kuoza. Watengenezaji wengi sasa wanaziacha, nasi twaona ni vyema. Kwani mto Ruvu huanzia katika milima hii, na watu wa Dar es Salaam hunywa maji yake.

Huenda mtu akauliza: je, koti jema latosha? Jawabu yetu ni kwamba halitoshi. Madigadi mawili mazima huzuia tope na maji ya magurudumu kuliko koti lolote. Breki za kubana rimu hushika kwa kuchelewa zikirowa, kwa hiyo mtu abane mapema na kwa upole. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi huamsha mafuta yaliyolala barabarani, na lami hugeuka utelezi. Na radi ikiwa karibu, hapana aibu kuingia barazani kwa watu ukangoja.

Kijana wetu tulimwambia hivi: dukani watakusifia koti kwamba haliingizi maji. Wewe uliza kwanza, dereva ataniona? Kisha uliza, jasho langu litatokea wapi? Mwisho ndipo uulize habari za maji. Kwa maana aliyerowa hukauka, na mwenye jasho huoga. Lakini asiyeonekana barabarani huenda asipate nafasi ya pili. Alikwenda akarudi na koti la manjano, la bei ya kati, lenye zipu za makwapani na utepe mgongoni. Siku hizi ikinyesha asubuhi twasimama mlangoni kwa madrasa, na twamtambua toka mbali, kabla hatujausikia mlio wa kengele yake.

Mwenyezi Mungu atulindie watoto wetu njiani.