Medicaid na Mzigo wa Kuthibitisha

Anayelipia bima ya afya kwa michango huipoteza anapoacha kuchangia, na jambo hilo halihitaji maelezo marefu. Medicaid, mpango wa Marekani unaowagharimia matibabu watu wa kipato kidogo, hufuata utaratibu mwingine, kwa kuwa mnufaika wake kwa kawaida haihuishi bima kwa kulipa ada, kama kaya nyingi za Tanzania zilivyokuwa zikifanya kila mwaka katika Mfuko wa Afya ya Jamii, bali huihuisha kwa kuthibitisha upya kwamba kipato chake bado ni kidogo na kwamba makazi yake bado yamo katika jimbo lile lile. Upimaji huo wa ustahiki, yaani wa kama mtu anatimiza masharti yanayompa haki ya kuhudumiwa, huonekana kuwa shughuli ndogo ya ofisini, ilhali ndio mlango ambao watu wengi hutolewa nje hali wangali na haki ya kubaki ndani.

Mpango huu ulizaliwa pamoja na Medicare, bima ya wazee, Rais Lyndon Johnson alipotia saini sheria yake tarehe 30 Julai 1965. Serikali kuu na majimbo hugawana gharama, lakini uendeshaji ni wa majimbo, na kila jimbo laweza kuupa jina lake, kama vile Medi-Cal huko California na TennCare huko Tennessee, kiasi kwamba wapo wanaoibeba kadi ya Medicaid bila kujua kuwa ndiyo hiyo. Sheria ya mwaka 2010 iliufungua mpango kwa watu wazima ambao kipato chao hakizidi asilimia 138 ya mstari wa umaskini, kikomo ambacho mwaka 2025 kilikuwa karibu dola 21,600 kwa mwaka kwa mtu anayeishi peke yake. Mahakama ya Juu iliyaachia majimbo hiari mwaka 2012, na majimbo 40 pamoja na mji mkuu yakakubali.

Kwa wanufaika wengi upimaji umekuwa ukifanyika mara moja kila miezi 12. Kanuni huitaka ofisi ya jimbo ianze na taarifa inazoweza kuzipata yenyewe, kama vile kumbukumbu za mishahara na mafaili ya msaada wa chakula, na zikitosha, bima huhuishwa bila mnufaika kuulizwa chochote, naye hupelekewa barua ya kumjulisha tu. Zisipotosha, hutumiwa fomu ambayo sehemu yake imekwisha kujazwa, akapewa siku zisizopungua 30 za kuisahihisha, kuitia saini na kuirudisha pamoja na vielelezo. Njia ya kwanza huutwika mzigo wa kuthibitisha mabegani mwa serikali, na ya pili huutwika mabegani mwa mtu ambaye huenda ni mgonjwa, amehama nyumba, au hasomi lugha iliyoandikiwa barua. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha mambo yote yaliyofuata.

Machi 2020, UVIKO-19 ulipoenea, Bunge la Marekani liliyapa majimbo nyongeza ya fedha za Medicaid kwa sharti kwamba yasimwondoe mnufaika hadi dharura ipite, isipokuwa kwa sababu chache kama kifo au kuhama jimbo. Matokeo yake idadi ya waliomo katika Medicaid na katika bima ya watoto inayoandamana nayo ilipanda kutoka takriban milioni 71 hadi milioni 94. Sharti hilo lilikoma tarehe 31 Machi 2023, na majimbo yakaanza kuwapima watu wote upya, kazi ambayo ofisi zenye upungufu wa watumishi hazikuwahi kuifanya kwa ukubwa huo. Watu zaidi ya milioni 25 walitolewa, na takriban saba katika kila kumi kati yao walitolewa kwa zile zinazoitwa sababu za kiutaratibu: fomu haikurudi, barua ilikwenda kwenye anwani ya zamani, au saini haikuwapo. Si haki kudai kwamba wote hao walikuwa wangali wanastahili, kwani wengine walikwisha kupata bima kazini na hawakuona sababu ya kujibu. Lakini kilicho wazi ni kwamba kwa wengi wao hakuna aliyekuwa amepima kipato chao hata kidogo.

Katika zoezi hilo kulifichuka kosa ambalo halikumhusu mnufaika kabisa. Kompyuta za majimbo kadhaa zilikuwa zikiipima kaya kwa pamoja badala ya kumpima kila mtu peke yake, ingawa kikomo cha kipato cha mtoto huwa juu kuliko cha mzazi, hivyo taarifa za mzazi zilipokuwa na kasoro, hata mtoto aliyestahili bila shaka yoyote alitolewa naye. Septemba 2023 serikali kuu ilitangaza kwamba karibu watu nusu milioni, wengi wao wakiwa watoto, wangerudishiwa bima yao. Tangu Januari 2024, mtoto akishakubaliwa hubaki na bima kwa miezi 12 hata kipato cha wazazi kikipanda.

Kwa watu wazima mwelekeo umegeuka. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 inaagiza kwamba, kuanzia mwisho wa mwaka 2026, walioingia kupitia upanuzi wa 2010 wapimwe kila miezi sita, na kwamba wengi wao, kuanzia Januari 2027, waonyeshe kuwa wanafanya kazi, kusoma au kujitolea kwa saa 80 kwa mwezi. Arkansas ililijaribu sharti la kazi mwaka 2018; mwanzoni taarifa zilipokelewa kwa intaneti tu, katika tovuti iliyofungwa usiku, na watu wapatao 18,000 wakapoteza bima kabla ya jaji kulisimamisha zoezi hilo Machi 2019. Asiyekuwa na kompyuta alihesabiwa sawa na asiyefanya kazi.

Anayepewa barua ya kuondolewa ana haki ya kukata rufaa, na akiwasilisha ombi kabla ya tarehe ya kuondolewa kufika, kwa kawaida huduma huendelea hadi asikilizwe. Aliyetolewa kwa kutorudisha fomu ana siku 90 za kuirudisha bila kuomba upya, na asiyejua Kiingereza hustahili mkalimani wa bure, Kiswahili kikiwamo. Kwa wakimbizi, wakiwamo wazungumzaji wa Kiswahili kutoka Kongo, jambo zito zaidi ni kwamba sheria hiyo ya 2025 inawaondoa katika fedha za serikali kuu, kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026, wakimbizi wasiokuwa na ukaazi wa kudumu, hivyo hati ya ukaazi inapotoka inafaa ifikishwe ofisini bila kusubiri barua. Kadhalika, anayehama Kentucky kwenda Iowa kufuata kazi hahami na bima yake, bali huijulisha ofisi anayoiacha na kuanza maombi mapya kule aendako.