Nukta nyekundu: Usilipie mng'aro, lipia uimara

WAKULIMA wa kusini mwa Sweden wana adui anayejulikana kwa wakulima wa nchi nyingi: nguruwe mwitu. Kundi likiingia usiku katika shamba la ngano au mahindi, kinachokanyagwa huwa kingi kuliko kinacholiwa.

Wenye vibali vya uwindaji huwasaka. Mnyama hukurupuliwa kichakani na kupita mbio, mara nyingi umbali usiozidi mita 50. Hapo darubini inayokuza sana humchelewesha mwindaji. Ndiyo maana wengi hufunga juu ya bunduki kioo cha kulengea chenye nukta nyekundu.

Aimpoint, kampuni ya huko huko Sweden, ilitoa kioo cha aina hii kinachotumia betri mwaka 1975. Taa ndogo hupiga mwanga kwenye kioo, nao hurudi jichoni kama nukta. Mwindaji huacha macho yote mawili wazi, huweka nukta juu ya mnyama na kufyatua.

Madukani bei hutofautiana sana, na hapo ndipo mnunuzi hupotea. Vioo vya bei ya chini hung'aa sawa na vya bei kubwa. Tofauti huonekana baada ya risasi kadhaa: bunduki inaporudi nyuma kwa kishindo, kioo dhaifu husogea na risasi haziendi tena pale nukta ilipo. Mnyama hujeruhiwa badala ya kufa, na sheria ya Sweden humtaka mwindaji amfuatilie. Siku nzima ya kazi hupotea.

Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi azingatie haya:

Ukubwa wa nukta. Hupimwa kwa dakika za pembe. Dakika moja hufunika karibu sentimita 3 kwa umbali wa mita 100. Nukta ya dakika 4 huonekana haraka kwa mnyama wa karibu. Ya dakika 2 hufaa zaidi kwa mbali, kwani haimfuniki mnyama.

Betri. Vilivyo bora hudumu saa 50,000, yaani zaidi ya miaka mitano bila kuzimwa. Vingine huishiwa baada ya miezi michache tu.

Umbo. Kilichofungwa pande zote huzuia mvua na matope yasifunike taa. Kilicho wazi ni chepesi, lakini tone moja la maji laweza kuharibu nukta.

Macho. Nukta ikionekana kama nyota yenye miale, ipigwe picha kwa simu kupitia kioo hicho. Ikitokea safi, kasoro ni ya jicho, si ya kioo.

Baada ya kukifunga, mwindaji hupiga shabaha uwanjani, hurekebisha, kisha hurudia baada ya risasi 20 au zaidi. Kioo kisichohama ndicho kilichostahili fedha zake.