Kanuni za Vipeo na Hesabu ya Mbegu

Wasomaji wetu wa Mbeya na Iringa, twajua ya kuwa watoto walio wengi husoma hesabu kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha wakifika sekondari huzikuta kwa Kiingereza. Hapo kanuni za vipeo hukaririwa mdomoni zisiingie akilini. Lakini asili yake ni kuhesabu tu, na mkulima wa maharage wa Rungwe au Kilolo aweza kuzifahamu.

Tuseme kila punje ya maharage huzaa punje 10, nazo zote hupandwa tena. Msimu wa kwanza twapata 10. Wa pili 10 × 10, yaani 100. Wa tatu 10 × 10 × 10, yaani 1,000. Kwa kufupisha twaandika 10³. Ile 10 huitwa kizio. Ile 3 ndogo iliyo juu ni kipeo, nayo hutuambia kizio kimeandikwa mara ngapi katika kuzidisha. Mtindo huu wa tarakimu ndogo René Descartes wa Ufaransa aliutumia katika kitabu alichokitoa mwaka 1637.

Je, 10² × 10³ ni ngapi? Wako wanafunzi wanaozidisha 2 kwa 3, wakajibu 10⁶. Sivyo. Misimu 2 ikifuatwa na misimu 3 ni misimu 5. Basi jibu ni 10⁵, yaani 100,000. Katika kuzidisha, vipeo hujumlishwa. Katika kugawanya, hutolewa: 10⁵ ÷ 10³ ni 10², kwa kuwa twarudi nyuma misimu 3. Na 10⁰? Hapo hapana msimu uliopita. Tunayo ile punje moja tuliyoanza nayo. Ndiyo maana 10⁰ ni 1, wala si sifuri. Lakini (10²)³ ni misimu 2 iliyorudiwa mara 3, yaani 10⁶. Hapo ndipo vipeo huzidishwa.

Angalieni tena: katika 10² × 8³ vipeo havijumlishwi, kwa maana mbegu izaayo 10 si ile izaayo 8. Vizio sharti viwe sawa.

Kwa hiyo mzazi asiyejua Kiingereza asiliogope daftari la mwanawe. Na amwambie, “Hebu andika yote kwa kirefu, kisha tuhesabu.” Mwanafunzi aliyezoea hivyo, hata akiisahau kanuni katika mtihani, ataivumbua tena mwenyewe.