Mwezi Unapanga, Upepo Unaamua

Kila mwezi, siku chache kabla ya mwezi kumi na nne, simu yangu huanza kulia mfululizo. Ni wanunuzi wa dagaa kutoka Dodoma, Morogoro na Dar es Salaam, na wote wana swali moja: mbona bei imepanda? Ziwa halijakauka, wavuvi wapo, mashine zipo. Ninawajibu kwa neno moja tu: mbalamwezi. Aliyezoea biashara hii anaelewa, ananitakia heri na kukata simu. Mgeni anadhani namzungusha.

Huyo mgeni ndiye ninayemwandikia. Mitumbwi yangu na nyavu zangu ziko mwalo wa Kibirizi, pembeni mwa mji wa Kigoma, na kazi yangu hasa ni kupanga safari: vijana waingie majini siku gani, wabebe mafuta kiasi gani, warudi saa ngapi, na lini wabaki nchi kavu. Mtu akisimama ufukweni jioni akaona mitumbwi inang'oa nanga, anaweza kufikiri wavuvi wameamka tu wakajisikia kwenda. La. Usiku ule ulishapangwa, na aliyeupanga wa kwanza ni mwezi.

Dagaa wa Ziwa Tanganyika mchana hukaa chini, mbali na macho ya samaki wakubwa. Jua likizama hupanda juu, wakiwafuata vijidudu vya majini ambavyo ndivyo chakula chao, navyo hupanda usiku kwa sababu hiyo hiyo ya kukwepa kuonwa. Nyuma ya dagaa anakuja mgebuka, ambaye chakula chake kikubwa ni dagaa. Kwa hiyo ndani ya saa chache za giza, karibu kila kinacholiwa na kinachokula kiko tabaka la juu la maji. Mvuvi anawasha taa, vijidudu na dagaa wanaukusanyikia mwanga, wavu unasubiri chini yao.

Taa inafanya kazi kwa sababu ni mwanga pekee uliopo. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa zima linang'aa, na dagaa hana haja ya kuja kwangu. Anatawanyika kila mahali, na mara nyingi anabaki chini zaidi. Utachoma mafuta usiku kucha na kurudi na kitoweo cha nyumbani.

Ndiyo maana sisi mwezi tunaugawa sehemu mbili, giza na mbalamwezi. Mwezi mmoja wa angani una siku 29 na nusu. Takriban wiki moja, kabla kidogo na baada kidogo ya mwezi kumi na nne, mitumbwi mingi ya taa inalala. Siku zilizobaki ni za kazi, lakini si zote sawa, na hapa ndipo penye ujuzi ambao mgeni haujui. Kila siku mwezi huchelewa kwa wastani wa dakika 50 kuliko jana yake. Kigoma tuko magharibi kabisa mwa nchi, kwa hiyo jua letu huzama karibu saa moja jioni, wakati Dar es Salaam kumeshakuwa giza. Mwezi mchanga wa siku ya tatu unazama kama saa tatu na nusu usiku. Ukiondoka, usiku wote uliobaki ni wako. Mwezi wa siku ya saba au ya nane unazama kama saa saba usiku. Wa siku ya kumi na moja unakuachia giza kidogo sana kuanzia saa kumi alfajiri, na hapo lazima ujiulize kama petroli inalipa.

Baada ya mwezi kumi na nne hesabu inageuka. Giza sasa liko mwanzo wa usiku. Siku ya nne baada ya mpevu, mwezi unachomoza kama saa nne na robo, kwa hiyo kuna saa tatu za giza zuri tangu magharibi. Mimi nazipenda saa hizo kuliko zile za alfajiri. Vijana wana nguvu, dagaa ndio kwanza wanapanda, na boti inarudi mapema kiasi kwamba akina mama wanapoanika asubuhi, samaki bado hajaharibika. Anayefuata kalenda ya Kiislamu, kama wazee wengi wa Ujiji, ana mpango wote wa mwezi ukutani mwake bila kuandika chochote cha ziada. Anayengojea mwezi mwandamo kwa ajili ya funga na anayengojea giza kwa ajili ya wavu wanatazama anga ile ile.

Kuvua kwa mwanga hakukuanza na sisi. Wazee walikwenda na mitumbwi midogo, moto wa kuni au wa nyasi kavu ukiwaka mbele, na wavu wenye mpini wa kuchotea. Katika miaka ya 1950 zikaingia karabai na nyavu kubwa za kuinua, na uvuvi wa dagaa ukawa biashara. Leo karabai zinapisha taa za sola zinazochajiwa mchana. Nimebadilisha zangu karibu zote, kwa furaha. Karabai ilikula mafuta ya taa, na tone la mvua likidondoka kwenye kioo chake cha moto, kioo kilipasuka pale pale na vipande vikaingia kwenye samaki.

Ukiitazama kazi yenyewe kwa karibu, unaona jinsi giza lilivyo mali. Mitumbwi inafungwa pamoja kwa miti, wavu unashushwa katikati kwa kamba, taa zinaning'inizwa juu ya maji. Kwanza huoni kitu. Kisha vinakuja vijidudu, vumbi linalotembea ndani ya mwanga. Baada ya muda uso wa maji unaanza kutetemeka, vitone vidogo vidogo kama manyunyu ya mvua yanayonyesha kutoka chini kwenda juu. Hao ndio dagaa. Nahodha hasemi kitu. Anazima taa moja baada ya nyingine, anabakiza ile ya katikati, ili kundi lijibane juu ya wavu. Halafu kamba zote zinavutwa kwa pamoja, bila kuchelewa hata kidogo, maana dagaa akigundua ukuta unapanda anazama haraka kuliko mikono ya watu.

Mbalamwezi nayo ina kazi zake. Mitumbwi inapandishwa mchangani na kukalafatiwa, pamba iliyolowa mafuta ikishindiliwa kwenye mianya ya mbao. Nyavu zinatandazwa na kushonwa, mashine inafunguliwa. Hesabu za giza lililopita zinafungwa na kila mmoja anapata fungu lake, na wenye familia vijijini wanapata nafasi ya kwenda kuziona. Wengine wanachukua mishipi mchana kuwatafuta kuhe na sangara kwenye miamba. Nasema hivi kwa uzito kwa sababu nimeona matajiri wa mitumbwi wanaowasukuma vijana majini siku ya mwezi mpevu ili tu wasikae bure. Mafuta yanaisha, watu wanachoka, na giza linapofika chombo kinavuja.

Mwezi, basi, unanipa tarehe, nami naweza kuzijua hata mwaka mzima mbele. Usichoweza kukijua kutoka kwa mwezi ni wingi wa samaki. Huo unatoka kwa msimu, na msimu wa Tanganyika unaendeshwa na upepo.

Ziwa hili lina urefu wa kilomita 670 hivi na kina cha mita 1,470. Kwa kina ni la pili duniani baada ya Baikal kule Urusi. Lakini hewa ambayo samaki anaivuta inaishia katika mita 100 mpaka 200 za juu. Chini ya hapo hakuna samaki, kuna maji baridi tu, na rutuba yote iliyozama kwa karne nyingi imelala humo. Ili dagaa washibe, kitu fulani lazima kiikoroge rutuba ile na kuipandisha. Kazi hiyo inafanywa na kusi. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini unavuma na kuyasukuma maji ya juu, yenye joto, kuelekea kaskazini upande wa Bujumbura. Kule kusini, upande wa Mpulungu nchini Zambia, maji baridi yanapanda kujaza pengo. Upepo ukilegea, maji yaliyosukumwa yanarudi, kisha yanakwenda tena, yakiyumba ndani kwa ndani huku juu ukiona shwari. Yumbo moja huchukua wiki tatu hadi nne au zaidi kidogo, karibu sawa na mwezi wa angani, ingawa hayo mawili hayahusiani.

Kwetu kaskazini matunda yake tunayatazamia kusi likiisha. Oktoba na Novemba maji mara nyingi hugeuka kijani kwa mimea midogo inayochipuka, vijidudu wanakula mimea, dagaa wanakula vijidudu. Giza la kipindi hicho silikosi. Naweka akiba ya mafuta mapema na nyavu zote ziko tayari. Dagaa anaishi mwaka mmoja au zaidi kidogo, hana uzee wa kujificha, kwa hiyo msimu mzuri unaonekana haraka na msimu mbaya vile vile.

Shida ni kwamba msimu wa maji mazuri unakuja na mvua. Dagaa wa Kigoma anapendwa kwa sababu amekaushwa kwa jua kali juu ya chanja au mchanga safi, amebaki mweupe na mkavu. Mvua ya siku mbili inageuza mzigo wote kuwa chakula cha kuku. Kwa hiyo kuanzia Novemba sipangi safari kwa kuangalia ziwa peke yake. Nauliza pia chanja zina nafasi, turubai zipo, na kuna mnunuzi wa dagaa wabichi atakayechukua wa siku ile. Ziwa lilipopanda miaka ya 2020 na 2021, na tena 2024, sehemu za kuanikia ufukweni ziliingia majini, na samaki waliovuliwa vizuri wakakosa pa kulala.

Juu ya haya yote limekuja joto. Mwaka 2003 watafiti walichapisha katika jarida la Nature kwamba ziwa limepata joto, maji ya juu na ya chini hayachanganyiki kama zamani, na mimea midogo inayolisha ziwa imepungua kwa takriban asilimia 20. Mzee yeyote wa mwaloni atakwambia habari hiyo kwa maneno yake. Ndiyo sababu Serikali ilipopumzisha uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, mimi niliunga mkono. Miezi mitatu bila mapato ni mizito kwa kijana mwenye watoto, na naomba kila mara wapewe kitu cha kushika wakati huo. Lakini kusi ni kipindi cha mawimbi makali, bahati yetu kwa jumla ni ndogo kipindi hicho, na samaki wanahitaji nafasi ya kuzaa. Ombi langu jingine ni kwamba Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia wafunge siku moja na kufungua siku moja. Dagaa hana pasi ya kusafiria.

Sasa hali ya hewa. Hii haina kalenda, na ndiyo yenye neno la mwisho. Kila siku ya giza, kama saa kumi jioni, nakutana na nahodha wangu kando ya mitumbwi. Yeye ni Mbembe, amekulia majini, na tangu nianze kazi hii namwita mzee wangu. Nimeshasoma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambayo hutoa taarifa za maziwa makuu pamoja na bahari, na ninamsomea. Yeye anatazama ng'ambo. Milima ya Kongo ikionekana wazi sana, anasema hewa imeoshwa na mvua. Umeme ukimulika upande ule kabla ya magharibi, anaangalia unahamia wapi. Anaonja upepo: ukigeuka ghafla ukawa baridi, ana mashaka.

“Mama, leo sio,” huniambia.

“Mzee wangu, petroli nimeshanunua.”

“Petroli haiozi.”

Hapo mjadala umekwisha. Sheria yetu ni kwamba mmoja wetu akisema hapana, ni hapana, hata kama ni giza la mwandamo na mnunuzi ameshatuma fedha. Wavu wa kuinua hauvumilii maji ya mwendo. Mkondo ukiwa mkali kamba zinalala upande, wavu haufunguki, dagaa wanapita pembeni huku taa zinawaka bure. Hiyo ni hasara ya fedha. Radi ni kitu kingine kabisa. Ndani ya mtumbwi wa wazi, katikati ya ziwa, mtu aliyesimama ndiye kitu kirefu kuliko vyote, na hana pa kukimbilia. Kila kijana wangu anavaa boya tangu anapopanda mpaka anaposhuka, na asiyetaka kuvaa atafute tajiri mwingine.

Kwa hiyo, wewe unayetaka kuja Kigoma kununua dagaa, usitazame ratiba ya treni kwanza. Hesabu kutoka mwezi kumi na nne, ongeza siku tano au sita, ndipo ufike. Utakuta giza la mwanzo wa usiku limeshika, bei imeanza kushuka, na chanja zimejaa. Kama ni Oktoba, njoo na magunia ya kutosha. Kama ni Januari, ongeza siku mbili tatu za kusubiri jua. Na ukifika asubuhi ukakuta mitumbwi yote iko mchangani na giza ni zuri, usimlaumu mtu. Kaa, kunywa chai, tutaonana na mzee wangu saa kumi.