Bustani ya Nyumbani (2): Moshi wa Asubuhi

Wiki iliyopita tuliishia mlangoni pa jikoni. Nilikuomba ukae siku chache bila kugusa jembe, utazame jua linavyozunguka uani kwako na maji yanakokimbilia mvua ikinyesha. Natumaini umetazama. Leo tunashuka kwenye udongo, na safari ya udongo inaanzia kwenye ufagio.

Pita mtaa wowote wa Dar es Salaam kunapopambazuka, utasikia fagio za chelewa zikikwaruza viwanja. Baada ya muda moshi unapanda: majani ya mwembe, maganda ya ndizi, majani ya muarobaini, vyote motoni. Uwanja mweupe usio na jani ni sifa ya mwenye nyumba. Nimelelewa hivyo, wala siwacheki wanaofagia. Kwenye uwanja mtupu nyoka anaonekana kabla hujamkanyaga. Taabu yangu ni kile kiberiti. Tunachoma chakula cha udongo asubuhi, mchana tunakwenda dukani kununua mfuko wa mbolea.

Mwaka 1978 Waaustralia wawili, Bill Mollison na David Holmgren aliyekuwa mwanafunzi, walitoa kitabu kilichoipa jina njia tofauti na hiyo: pamakalcha, neno lililounganisha kudumu na kilimo. Kielelezo chao kilikuwa msitu. Msitu haupaliliwi, haumwagiliwi, wala hauna wa kuufagia. Jani likianguka linaoza palepale, na mti uliolidondosha unalila tena.

Wachagga hawakungoja kitabu. Ingia kwenye kihamba, shamba lao la nyumbani, mlimani Kilimanjaro uinue macho: juu kuna mringaringa na mgrivea, pengine kiazi kikuu kimejizungusha kwenye shina. Chini yake ni migomba, chini ya migomba ni kahawa, na chini kabisa, kwenye kivuli chepesi, magimbi na maharage. Ng'ombe yuko zizini, haendi malishoni. Mgomba ukishazaa hukatwa, gogo lake likakatwakatwa akalishwa yeye, na samadi yake inarudi kwenye shina la mgomba mwingine. Watafiti waliopima vihamba miaka ya 1980 walikuta wastani wa hekta 0.68 tu, yaani chini ya ekari mbili, na familia inapata humo ndizi, maziwa, kuni na fedha ya kahawa. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, limevitambua vihamba vya Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo duniani.

Wewe huna hekta, una uwanja. Basi chimba shimo moja la duara, upana mita mbili, kina karibu mita moja, mahali maji ya bafu au ya kuoshea vyombo yanapoweza kufika yenyewe. Udongo unaotoka uzungushe ukingoni. Ndani tanguliza matawi, kisha kila unachofagia na kila ganda la jikoni, ujaze mpaka lundo lipande juu ya ukingo, kwa sababu litadidimia. Kwenye ukingo panda migomba minne au mitano, katikati yake mipapai, na chini matembele yatambae. Maji yasionekane juu. Yakituama, ongeza majani makavu, la sivyo utakuwa umefuga mbu. Plastiki na mabaki ya nyama visiingie humo.

Shimo langu la kwanza lilinishinda. Nilijaza maranda ya seremala, magunia kwa magunia, nikajisifu kwa usafi wake. Migomba ikawa njano kama ina homa. Jirani yangu, mzee aliyelima maisha yake yote, alichungulia ukutani akasema, "Mwalimu, migomba haili mbao." Alikuwa sahihi. Vijidudu vinavyoozesha mbao huhitaji nitrojeni nyingi, na visipoipata ndani ya maranda huinyang'anya kwenye udongo, mmea ukabaki na njaa. Nilichanganya samadi ya kuku na majani mabichi, na majani mapya yakatoka kijani.

Asiye na nafasi ya shimo atandaze majani makavu kwenye tuta la mchicha au bamia, unene wa vidole vinne hivi. Jua halitaufikia udongo moja kwa moja, na utamwagilia mara chache zaidi. Yasiegemee shina, hasa pwani kwenye mchwa wengi, na njia ya kupita watu iache peupe, wenye hofu ya nyoka walale usingizi.

Wiki ijayo tutapanda juu ya paa kutafuta maji. Hadi hapo, fagia uwanja wako kama kawaida, ila kiberiti kiache jikoni.