Kolwezi: milango mitatu yenye kuingiza virusi na wadanganyifu katika kompyuta ya nyumbani

Katika mitaa ya Dilala na Manika, kompyuta moja ya nyumbani inatumikia watu wengi. Mwanafunzi anaandikia pale kazi yake ya mwisho wa masomo, baba anatunza mule picha za karatasi za kiwanja, mdogo wake anatengeneza CV ya kuomba kazi ku kampuni ya madini. Siku virusi inaingia, familia yote inapoteza.

Wengi wanazania kama virusi inatumwa na mtu wa mbali mwenye akili mingi. Hiyo inafanyika, lakini mara nyingi ni mwenye nyumba mwenyewe njo anafungua mlango. Na milango yenyewe inajulikana.

Flashi

CV inaandikwa nyumbani, lakini inachapwa ku duka la fotokopi. Kompyuta ya pale inapokea flashi za watu wengi kila siku. Kama iko na virusi, ile virusi inajinakili ndani ya kila flashi inayochomekwa.

Alama yake ni hii: mtu anarudi nyumbani, anakuta dosia zote zimegeuka alama zenye mshale mdogo, ao hazionekane tena. Asiharakishe kufuta yote. Mara nyingi dosia zingali mule, zimefichwa tu. Kubofya ile alama ya mshale njo kunaingiza virusi ndani ya kompyuta.

Dawa ni kupima flashi na antivirusi mbele ya kuifungua. Windows 10 na Windows 11 ziko na antivirusi yao, Microsoft Defender, isiyolipwa. Njia ingine ni kutuma CV kwa barua pepe ya duka, ao kubeba flashi isiyo na kitu kingine ndani.

Programu ya bure

Programu yenye kuuzwa, mtu akiipewa bure na kifunguo cha wizi, hajui kitu gani kimewekwa pamoja nayo. Wenye kuitengeneza wanaomba kwanza antivirusi izimwe. Ombi hilo peke yake linatosha kumwonya mtu.

Wengine wanakataa kupyaisha Windows juu inakula mega. Ni kweli inakula, lakini kukataa kunaweza kulipwa bei kubwa. Mwezi wa 5 mwaka 2017, virusi yenye jina WannaCry ilifunga kompyuta katika inchi zaidi ya 150, na kudai feza ili izifungue. Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa dawa ya tundu lile tangu mwezi wa 3. Kompyuta zilizoipokea zilikuwa na kinga. Zilizochelewa zilibaki wazi. Tena, tangu tarehe 14/10/2025, Microsoft imemaliza msaada wake wa kawaida kwa Windows 10. Kama kompyuta inaweza kubeba Windows 11, ni vema kuhamia.

Tangazo la kazi

Lualaba inaishi na shaba na kobalti. Majina kama KCC, TFM na Kamoa Copper yanajulikana katika kila nyumba, na wadanganyifu wanatumia majina yenye kujulikana. Ujumbe unafika kwa WhatsApp ao Facebook, na alama ya kampuni juu yake: umechaguliwa, lipa feza ya dosia ao ya kupimwa na daktari, leo hii, kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money.

Hapa virusi haina lazima. Haraka na njaa ya kazi zinatosha. Mtu aangalie mambo matatu. Kwanza, feza: kazi ya kweli hailipishwi. Pili, barua pepe: kampuni kubwa iko na anwani yenye jina lake, haiandike kutoka Gmail. Tatu, haraka: mwenye kukataza mtu aulize wengine iko na kitu anaficha. Kuuliza ku mlango wa kampuni yenyewe, ao ku ONEM, ofisi ya serikali yenye kushugulika na kazi, hakuombe kutuma feza kwa namba isiyojulikana. Namba ya siri inayofika kwa SMS haipewe mtu yeyote.

Ikiwa imekwisha kutokea

Aliyetuma feza aite mara moja huduma ya mtandao wake, atoe namba ya malipo, na asifute ujumbe: ni ushuhuda mbele ya polisi. Tangu tarehe 13/3/2023, Kongo iko na sheria ya mambo ya dijitali, yenye malipizi kwa makosa yanayofanywa ku intaneti. Aliyetoa neno la siri alibadilishe akitumia mashini ingine, isiyo na virusi.

Na kazi ya mwanafunzi, karatasi za kiwanja, picha za familia? Ziwe na nakala ya pili, katika diski inayochomolewa na kuwekwa kabatini kila mara kisha kunakili. Virusi haifikie kitu kisichounganishwa.