Magari ya Mbio ya Kijapani na Mteremko wa Mbalizi

Vijana wa Mbalizi wanaopenda magari ya mbio ya Kijapani huitwa wahuni, aghalabu na watu ambao hawajapata kukaa nao na kuwasikiliza. Sisi tumewasikiliza, na twaona wana hoja. Wanajua mambo ambayo madereva wengi wa magari ya umma hawayajui, kwa mfano sababu inayoifanya Altezza ilegee ipandapo kutoka pwani, ilhali Subaru yenye tabo haioni taabu hiyo. Mji wa Mbeya uko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako kani ya hewa ni kama asilimia 82 tu ya ile ya Unguja. Injini ivutayo hewa kwa nguvu zake yenyewe hupoteza zaidi ya sehemu moja ya sita ya uwezo wake. Tabo huishindilia hewa hiyo nyepesi na kurudisha sehemu kubwa ya kilichopotea. Hiyo ni elimu, hata kama mwalimu wake ni fundi mwenye grisi hadi viwikoni.

Wala mapenzi haya hayakuletwa na filamu za ng'ambo, kama wadhaniavyo wazee wenzetu. Afrika Mashariki iliyajua magari hayo mapema, kupitia mashindano ya Safari yaliyoanzishwa mwaka 1953. Datsun 240Z ilishinda mwaka 1971, na mwaka 1973 ikashinda tena mikononi mwa Shekhar Mehta, ambaye baadaye aliutwaa ushindi huo kwa miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, daima akiwa ndani ya Datsun. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyeanza maisha kwa kushika spana gereji, alishinda mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Mashindano hayo yaliporejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, Toyota ilishika nafasi ya kwanza. Basi kijana wa Mbalizi anayesema kuwa Mjapani alijifunza uimara kwenye vumbi letu hasemi uongo mtupu.

Hapa ndipo tunapoachana nao kidogo. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japan aghalabu huwa na kizuizi kinacholizuia lisipite kilomita 180 kwa saa, na tangu mwaka 1989 hadi 2004 watengenezaji wa huko walikuwa na mapatano ya kutotangaza gari lenye nguvu zaidi ya farasi 280. Jambo la kwanza analolitaka mpenzi wa mbio ni kukiondoa kizuizi hicho. La pili ni kuongeza msukumo wa tabo, la tatu ni eksozi pana. Breki huja mwisho, au haziji kabisa. Tumeyaona magari yaliyofunguliwa injini hadi mwisho wake, lakini pedi za breki ni zile za bei ya chini kuliko zote dukani. Na wapo wanaokata springi kwa msumeno ili gari liinamie barabara. Gari la namna hiyo hupoteza mwendo wa shokapu, na likikuta tuta huruka badala ya kushika lami.

Kasoro hizo zingesameheka mahali pa tambarare. Mbalizi si mahali hapo. Barabara Kuu ya kwenda Tunduma hushuka kutoka Mbeya kwa mteremko wa Iwambi, ikiwa imebeba malori ya Zambia na Kongo, daladala, bodaboda na watoto wa shule. Mteremko huo umekwisha kuua watu wengi kwa magari yaliyoishiwa breki. Breki ikikanyagwa mfululizo hupata moto. Mafuta yake yakiwa ya zamani yamekwisha kunywa maji ya hewani, hivyo huchemka, na pedali huzama bila kushika kitu. Dereva mzoefu hushuka kwa gia ndogo. Kijana anayeshindana na mwenzake hana nafasi ya kukumbuka hilo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na hatuoni hoja yoyote ya kuilegeza.

Ndugu zetu wa Visiwani huenda wakauliza Mbalizi inawahusu nini. Magari ni yale yale, yaliyotumika kwanza Japan, yakashushwa Malindi kama yashushwavyo Dar es Salaam. Kwao adui ni kutu ya chumvi na barabara nyembamba zenye minazi kandoni. Huku ni mteremko. Haja ya pahala pa kukimbilia ni moja.

Na pahala hapo si lazima pagharimu mabilioni. Silverstone ya Uingereza ilikuwa kiwanja cha ndege za kivita kabla ya kuwa uwanja wa mbio mwaka 1948. Wajapani, ambao vijana wao walikuwa wakiteleza usiku katika kona za milimani, walikuwa na Suzuka tangu mwaka 1962 na Tsukuba tangu 1970. Mbeya nayo, tangu Songwe ilipofunguliwa mwaka 2012, ndege ziliuacha uwanja wa zamani mjini. Hatusemi ukabidhiwe vijana. Twawaomba wakuu wa Mkoa, Polisi na Chama cha Magari waukague, au watafute kipande kingine cha ardhi, watenge siku moja kila baada ya miezi mitatu, na wayaweke masharti kwa maandishi. Gari la wagonjwa liwepo kabla injini ya kwanza haijawashwa, watazamaji wakae mbali nyuma ya kizuizi, kila dereva avae kofia ngumu na mkanda. Fundi wa ukaguzi aanze na breki, kisha matairi. Atakayefika na springi zilizokatwa kwa msumeno arudishwe langoni, hata kama gari lake limeng'arishwa namna gani.